Mashine Isiyo Kwenye Daftari

Programu ilianguka kwa mara ya kumi na moja Alhamisi saa tisa alasiri, juu ya meza ya kulia chakula, kati ya rundo la mashati ya sare yasiyo na vifungo na kikombe cha chai kilichopoa. Baba Pacha alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati lake, akaivaa tena, akayasoma upya yale maandishi mekundu kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba safari hii yangeona haya na kubadilika. Hayakubadilika. Yalisema vilevile: umeniambia nitumie kitu, nacho hakipo.

"Kipo," aliiambia kompyuta. "Si nimekuomba? Hiki hapa, nimekuomba kwa maandishi."

"Baba Pacha, unaongea na nani?" mkewe aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Na hii mashine."

"Inajibu?"

"Inajibu ujeuri mtupu."

"Basi mmekutana."

Meza ilikuwa moja na kazi mbili. Mpaka ulikuwa utepe wa kupimia nguo, ambao Mama Pacha aliulaza katikati asubuhi na kutangaza kwamba shati lake likikutwa na tone la chai, kompyuta italala nje. Siku nyingine mumewe asingekuwepo nyumbani saa zile. Lakini ofisi yao ilikuwa ikipakwa rangi kwa ajili ya wageni wa kesho yake, na kila mtu alikuwa ametumwa nyumbani na mashine yake. Kwenye kochi, Bibi, mamake Mama Pacha, alikuwa akichambua maharage na kusikiliza kila neno huku akijifanya hasikii. Mapacha wenyewe, wasichana wa miaka kumi na mitatu, walikuwa sakafuni wakigombania rula.

Baba Pacha alikuwa na miaka arobaini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia kufungua matumbo ya mashine za fotokopi, hadi duka lilipofungwa na mashine zikauzwa kama vyuma chakavu mbele ya macho yake. Akajifunza kuandika programu za kompyuta, mwaka mzima, katika darasa ambalo siku ya kwanza wanafunzi wote walisimama alipoingia wakidhani ni mwalimu. Sasa alikuwa kazini, mwezi wa sita wa majaribio, na vijana wa ofisini walimwita Mzee Wino.

Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa ya kliniki ya meno. Mgonjwa anafungua tovuti, anachagua siku, na kabla ya siku yenyewe anapata ujumbe kwenye simu wa kumkumbusha. Baba Pacha aliandika kipande kinachopanga miadi akakiita Ratiba. Akaandika kingine kinachokumbusha, akakiita Mkumbushaji. Mkumbushaji hawezi kutuma ujumbe peke yake, anahitaji kipande cha tatu, Mtumaji. Na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Kwa sababu ofisini kwao hawakuunganisha vipande kwa mkono. Walitumia kiunzi, yaani programu kubwa iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine, ambayo kazi yake ni kuunda vipande na kukipa kila kimoja kile kinachokihitaji. Mwandishi anabandika alama fupi tu, wao waliiita anotesheni, inayoanza na ile herufi iliyozungushiwa mkia kama kwenye anwani za barua pepe. Alama inasema, "Hapa nahitaji Mtumaji." Kiunzi kikiamka kinapita, kinasoma alama, kinampa kila mmoja haja yake.

Baba Pacha alikuwa amebandika alama. Ilipokataa akaibandika tena, ya pili juu ya ya kwanza. Kompyuta ikalalamika, akaiondoa. Akaiandika upya herufi kwa herufi, polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. Mtumaji hakuletwa.

Njia rahisi ilikuwa kumpigia Mkuu. Mkuu alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane, mwenye ofisi ile, na hakuna mtu aliyemjua zaidi kiunzi kile. Kila asubuhi aliinamisha kichwa mbele ya Baba Pacha na kusema, "Shikamoo, Baba," naye akajibu, "Marahaba, binti yangu." Salamu zikiisha alivuta kiti, akageuza kioo cha kompyuta ya Baba, akaanza kumsulubu. "Baba, hapa umeandika nini? Baba, hii mbona tulishaizungumza?" Habari za zile alama alimweleza mara tatu. Mara ya kwanza faraghani, ya pili mezani, ya tatu mbele ya watu wote, na vijana wote wakawa ghafla na kazi nyingi kwenye vioo vyao. Siku hiyo Baba Pacha aliapa moyoni kwamba hatauliza swali lingine katika ofisi ile mpaka athibitishwe kazini.

Kiapo hicho alikuwa amekishika kwa miezi mitano.

*

Simu ililia. Mikono ya Baba Pacha ilikuwa kichwani, hivyo mkewe akanyoosha mkono akaipokea.

"Shikamoo, Mama," sauti ya Mkuu ilisikika hadi kwenye kochi. "Samahani kwa kuwasumbua. Baba anaendeleaje?"

Baba Pacha alipunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nyuki. Mwambie niko sawa.

"Marahaba, mwanangu. Anaendelea vizuri," Mama Pacha alisema huku akimtazama mumewe, nywele zimesimama, miwani imekaa upande. "Vizuri kabisa. Anafurahia."

"Afadhali. Basi naomba umkumbushe, wageni wa kliniki wanafika kesho saa nne kamili. Na ile barua ya uthibitisho nitakuwa nayo mkononi. Nilimwambia itategemea kesho."

"Ahaa," Mama Pacha alisema. "Ile barua."

"Ndiyo, Mama. Ama ya kubaki au ya kuagana. Mimi naomba iwe ya kubaki."

"Na sisi pia, mwanangu."

Aliirudisha simu mezani taratibu, upande wa mumewe wa utepe. Bibi akaacha maharage.

"Barua gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida ya kuagana?"

"Mambo ya ofisi, Mama Pacha. Nilitaka nimalize kwanza, ndipo nikuambie."

"Lini alikuambia?"

Baba Pacha alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Wiki tatu."

"Wiki tatu! Wiki tatu unalala kitanda kimoja na mimi, unageuka huku, unageuka kule, nakuuliza nini, unasema tumbo. Nimekupikia uji wiki tatu kwa ajili ya tumbo zima!"

"Uji ulikuwa mzuri," alisema Baba Pacha.

Pacha mmoja akacheka, mwenzake akampiga kiwiko, kisha akacheka yeye.

"Usinichekeshe, sijamaliza kukasirika," Mama Pacha alisema. Lakini alizima taa ndogo ya cherehani na kukigeuza kiti chake kimtazame mumewe. Alijua hesabu bila kuambiwa. Sare alizoshona zililipa chakula. Kodi ya nyumba na shule ya wasichana vilisimama juu ya kazi ile ya mumewe, na mwanamume wa miaka arobaini na minane akitolewa kwenye kazi ya vijana hapati nyingine ya namna ile. "Haya. Nini kimekukwamisha?"

"Hutaelewa."

"Nimezaa watoto wawili siku moja. Jaribu."

Akajaribu. Alitumia vikombe, kijiko na kopo la vifungo. Kikombe hiki ni Ratiba. Kikombe hiki ni Mkumbushaji. Kijiko ni Mtumaji. Kikombe hakiendi kutafuta kijiko, kinabandikwa alama tu, na kiunzi kinaleta. Vijana ofisini walisema kiunzi kinavidunga vipande vile mahali pake.

"Nani anadungwa?" Bibi aliuliza.

"Hakuna anayedungwa, Mama. Ni msemo wao."

"Maana nimesikia kliniki."

"Kwa hiyo," mkewe alisema, akikitazama kikombe kitupu, "umebandika karatasi ya kuomba, na kilichoombwa hakiji."

"Hicho ndicho. Na karatasi ipo, safi, kila herufi mahali pake."

Mama Pacha alikiinua kijiko, akakigeuzageuza. Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho Baba Pacha hakuwa amekiona kwa muda mrefu, ukaanza kucheka kutokea pembeni mwa macho, kabla ya mdomo kupata habari.

"Kama Dada na vifungo," alisema.

*

Dada alikuwa dada yake mkubwa. Mwaka wa tatu ulikuwa unaingia tangu wamzike, na katika nyumba ile alikuwa anatajwa kwa sauti ya chini, na karibu kila mara ilikuwa habari ya ugonjwa: siku fulani alipolazwa, siku fulani alipokataa kula. Mtu asiyejua angedhani alizaliwa mgonjwa. Kwa hiyo Mama Pacha alipomtaja huku akicheka, vidole vya Bibi vilisimama ndani ya ungo.

"Vifungo vipi?" Bibi aliuliza.

"Mama, sikuwahi kukusimulia? Kiwandani. Kabla sijaolewa."

Walikuwa wameshona wote wawili kiwanda kimoja cha sare, safu ya nne, viti vinavyopakana. Pale hakuna fundi aliyeruhusiwa kuinuka kwenda stoo. Kila cherehani lilikuwa na kadi imefungwa shingoni, na kwenye kadi fundi aliandika anachohitaji: vifungo vyeupe, zipu, uzi wa buluu. Asubuhi alipita Mgawaji na toroli lake na daftari. Alisoma namba ya cherehani kwenye daftari, akasoma kadi, akajaza kisanduku, akaenda kwa mwingine. Fundi hata kichwa hakuinua.

"Sasa Dada cherehani lake likawa linakata uzi. Akalalamika wiki, hawakumtengenezea. Unamjua Dada."

"Namjua," Bibi alisema. "Nimemzaa."

"Siku moja namwona anaingia getini na mkokoteni. Juu ya mkokoteni cherehani lake la nyumbani! Lile la miguu. Amelifunga kwa kamba kama mbuzi. Akasukuma lile la kiwanda ukutani, akaweka lake. Akaandika kadi nzuri, akaifunga kwa utepe mwekundu. Vifungo vyeupe, hamsini. Akakaa, akakunja mikono. Toroli likaja. Likapita."

"Likapita?" pacha wa kwanza aliuliza.

"Likapita kama hayupo. Mama yenu Mkubwa akasema, hajaiona kadi. Kesho yake akaandika kwa herufi kubwa. Likapita. Siku ya tatu akaleta ubao wa kalenda, mkubwa hivi, akaandika VIFUNGO kwa makaa. Safu nzima tumeacha kushona, tunangoja. Toroli likaja. Likapita! Dada akaruka, akalishika toroli. 'Wewe kipofu? Huioni kadi yangu?' Mgawaji, mtu mpole yule, akasema, 'Kadi naiona, dada. Hata walio barabarani wanaiona. Mashine ndiyo siijui. Haimo kwenye daftari langu. Nani ameileta?' Dada akajipiga kifua. 'Nimeileta mwenyewe!' 'Basi, dada,' akamwambia, 'kama mashine umeileta mwenyewe, na vifungo kavilete mwenyewe.'"

Mapacha waliangukiana kwa kicheko. Mama Pacha alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati la watu. Bibi alicheka bila sauti kwanza, mabega tu yakipanda na kushuka, kisha sauti ikaja yote kwa mkupuo, maharage yakamwagika mapajani.

"Kwa makaa!" Bibi alisema. "Ndiyo maana ubao wangu wa kalenda ulipotea! Nikamsingizia jirani! Hatukusalimiana mwaka mzima!"

Ni Baba Pacha peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe cha pili, kile cha Mkumbushaji, akikitazama kama mtu aliyepata barua kutoka mbali.

"Rudia," alisema.

"Nirudie yote?"

"Mgawaji alisemaje mwisho?"

"Kadi naiona, mashine siijui. Haimo kwenye..."

"Haimo kwenye daftari." Alishaanza kuandika. "Haimo kwenye daftari, kwa sababu nimeileta mwenyewe!"

Maana ndivyo alivyofanya. Mtu aliyeishi miaka ishirini na miwili na kisanduku chake cha spana hangoji kuletewa. Ndani ya Ratiba, pale palipohitaji Mkumbushaji, mkono wake wa zamani ulimuunda palepale, mstari mmoja, mpya kabisa, bila kumwambia mtu. Akampeleka kazini. Kisha kwenye shingo ya Mkumbushaji yule akafunga kadi ya kuomba Mtumaji, na akashangaa haletewi. Kiunzi kilikuwa kimepita na toroli lake kila mara. Hakikumjua yule Mkumbushaji. Kilivijua vile kilivyoviunda chenyewe tu.

Alifuta mstari ule. Juu ya Mkumbushaji akabandika alama ya kumwandikisha, ili kiunzi kimuunde na kumweka kwenye daftari lake. Ndani ya Ratiba akabandika alama ya kuomba, kwa adabu, kama fundi yeyote wa safu ya nne. Akaamsha programu. Akajaza mgonjwa wa majaribio, na kwa kuwa namba ya simu iliyomjia kichwani ilikuwa ya mama mkwe wake, akaandika hiyo.

Hakuna kilichoanguka. Kwenye kochi, simu ya Bibi ikalia.

Bibi aliisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti. "Mpendwa mteja, unakumbushwa miadi yako ya kutazamwa meno, kesho saa tatu." Akawatazama wote. "Meno yapi? Nimebaki na manne. Watayatazama mara moja na macho yamefumbwa."

Baba Pacha alivuka utepe, akamkumbatia mkewe pamoja na shati lililokuwa mikononi mwake, na chai ya kikombe cha kwanza ikamwagika juu ya kola mbili.

"Sawa," Mama Pacha alisema, akiyatazama matone. "Leo tu."

*

Ijumaa saa tatu na nusu ofisi ilinuka rangi na kila mtu alitembea katikati ya vyumba, mikono ubavuni. Baba Pacha alikuwa amevaa tai. Kijana aliyekaa jirani yake, waliyemwita Spika kwa sababu hakuwahi kuvua zile za masikioni, alivua moja kwa heshima ya siku.

"Mzee Wino, umependeza. Unaoa?"

"Nimeshaoa vizuri, asante. Kazi yako iko tayari?"

"Tayari tangu jana. Tuunganishe."

Spika alikuwa ameandika sehemu ya barua pepe, kwa wagonjwa wanaopenda kuandikiwa huko. Yake ilifanya kazi kwake, ya Baba Pacha ilifanya kazi kwake. Wakaziweka pamoja, wakaamsha programu. Haikuamka. Maandishi mekundu yalishuka kama mvua.

Saa nne kasoro dakika ishirini, mlango ukafunguliwa. Daktari wa meno aliingia, mwanamke mrefu wa maneno machache, na nyuma yake karani wake wa mapokezi, mzee aliyekumbatia daftari jeusi la miadi kama mtoto mgonjwa.

"Karibuni sana," Mkuu alisema. "Msiegemee ukuta."

Karani alikuwa ameshaegemea. Aliitazama rangi nyeupe begani mwake, kisha kompyuta zote, moja baada ya nyingine.

"Mimi nilimwambia Daktari," alisema, "daftari hili lina miaka tisa. Halijawahi kuzimika."

Baba Pacha alisoma maandishi. Tai ilikuwa imeanza kumkaba. Aliyaelewa maneno moja moja: kimeombwa kimoja, vimekutwa viwili. Lakini la kufanya hakulijua. Alikuwa na dakika kumi na nane na mikono yake miwili. Ndani yake kitu cha zamani kilisema, funika kioo, jaribu hiki, jaribu kile, usimwambie mtu. Kando yake Spika alikuwa anangoja, mdomo wazi. Mkuu alikuwa anawamiminia wageni maji, na hakugeuza kichwa upande wao, lakini chupa ilikuwa imeacha kumimina.

Alisimama.

"Mkuu," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, Daktari akageuka, karani akageuka. "Binti yangu, nimekwama. Sijui hapa nifanye nini. Naomba unisaidie."

Karani alilikumbatia daftari lake zaidi. Mkuu aliweka chupa chini, akaja upesi, akavuta kiti na kukaa bega kwa bega na Baba Pacha, kwa namna ambayo hakuwahi kukaa.

"Nionyeshe," alisema.

"Kinasema kimeombwa kimoja, kimekuta viwili."

"Mkumbushaji wako ameomba nini?"

"Mtumaji."

"Mtumaji gani?"

"Mtumaji tu. Alikuwa mmoja."

"Na sasa Spika ameleta wa kwake. Wote wamejiandikisha kwa kazi moja, kutuma. Kiunzi kimpe yupi?"

Baba Pacha aliitazama alama yake. Polepole akaanza kutabasamu. "Mkuu, mimi nina mapacha. Bibi yao akiita 'Pacha, maji!' wanakuja wawili na vikombe viwili, au haji hata mmoja, kila mtu anangoja mwenzake aende."

"Anafanyaje?"

"Anaita jina."

"Haya, na wewe ita jina."

Ilikuwa alama moja zaidi, fupi, kando ya ile ya kuomba: Mtumaji, yule wa simu. Spika akambandikia wake jina lake, yule wa barua pepe. Programu ikaamka saa nne kasoro dakika tatu, na Spika akavua na ile nyingine ya sikioni ili apige makofi vizuri.

*

Onyesho lilikuwa jambo dogo, kama mambo mengi yanayonyima watu usingizi. Daktari aliuliza maswali mawili. Karani alikataa kugusa, halafu akagusa kwa kidole kimoja, halafu akajiandikisha mwenyewe kama mgonjwa. Simu ilipotetema mfukoni mwake alishtuka, akasoma, akasoma tena.

"Imenikumbusha," alisema. "Imenikumbusha kwa adabu, na jina langu limeandikwa sawasawa. Daktari, wewe miaka tisa unaandika jina langu vibaya." Akaliweka daftari jeusi juu ya meza, ingawa mkono mmoja aliuacha juu yake.

Wageni walipoondoka, Mkuu alimwita Baba Pacha kwenye kona yake nyuma ya kabati. Alitoa bahasha. Hakuifungua.

"Baba, naomba nikuambie jambo, usinikasirikie."

"Sema, binti yangu."

"Spika ananiuliza mara ishirini kwa siku, hadi najificha chooni. Wewe, miezi mitano, hata swali moja. Nikawa sijui huyu mzee anaelewa kila kitu au haelewi kitu. Nikikujia nakuta umefunika. Na kukubana zaidi nilikuwa naona haya. Uko rika la baba yangu." Alitoa karatasi kwenye bahasha. Kwenye pembe ya juu palikuwa na alama ya kifutio, karatasi imechubuka kidogo. "Hapa niliandika 'hapana'. Kwa penseli."

"Ulifuta lini?"

"Kabla tu ya onyesho. Lakini niliamua saa nne kasorobo. Uliposimama."

Baba Pacha alitafuta miwani yake, akaikuta usoni. "Kumbe penseli," alisema. "Mungu akubariki kwa kutumia penseli."

Mkuu alicheka, akampa kalamu ya wino. "Ni kurasa mbili. Soma kwanza, Baba. Usitie sahihi kabla hujasoma."

Alisoma amesimama. Aliitikia kwa kichwa kila baada ya mistari michache, kwa utulivu wa mtu anayezifahamu karatasi za namna ile, kama alivyokuwa akiitikia kwa miezi mitano. Akafika mwisho. Kalamu ikashuka hadi kwenye mstari wa sahihi, ikagusa karatasi, ikaacha nukta ndogo ya wino. Ikasimama.

"Mkuu."

"Naam, Baba."

"Hiki kifungu cha saba sikielewi."

Mkuu alisogeza kiti. "Kipi, hiki cha likizo?"

"Hicho," Baba Pacha alisema, akavuta kiti chake akakaa. "Na cha tisa. Na ukurasa wa kwanza wote."